Ukidhani Mungu Amekuagiza Jambo: Namna ya Kulipima na Kulitii, Hatua kwa Hatua

Watu hukwama mahali pale pale. Mmoja anasikia neno usiku, na kukicha ameshaandika barua ya kuacha kazi. Mwingine alisikia neno la namna hiyo miaka minne iliyopita na mpaka leo anaomba "uthibitisho". Wanaonekana tofauti, lakini kosa ni moja: hawajatenganisha walichosikia na walichokiongeza wenyewe. Kazi ya mwongozo huu ni kutenganisha huko, halafu kutii kinachobaki.

Tutatembea na mfano mmoja wa kutunga. Dada mmoja ni mhudumu wa mapokezi hotelini Arusha. Alfajiri moja akiwa katika maombi linamjia neno moja tu: "Walishe." Anawafikiria watoto wanaolala karibu na stendi. Kufikia saa moja asubuhi ameshapanga kuacha kazi, kukopa shilingi milioni 3 kwenye kikoba na kufungua kituo.

## Utakachohitaji

Daftari la karatasi na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii. Kwenye simu unafuta neno usilolipenda na baada ya mwezi hata wewe mwenyewe hukumbuki kwamba lilikuwepo. Kwenye karatasi mkato unaonekana.

Biblia nzima. Si picha za mistari ya ahadi zinazotumwa asubuhi kwenye makundi.

Watu watatu. Mmoja anayekufahamu na asiyeogopa kukukatalia. Mmoja anayeijua kazi yenyewe unayotaka kuifanya. Mmoja mwenye dhamana juu yako kanisani: padri au kiongozi wa jumuiya kwa Mkatoliki, mchungaji, mwinjilisti au mzee wa kanisa kwa Mlutheri, mchungaji au kiongozi wa seli kwa Mpentekoste. Asiwemo yeyote atakayefaidika kwa fedha au cheo na uamuzi wako.

Hesabu zako halisi. Mapato, madeni, marejesho ya kikoba, ada, na majina ya wanaokutegemea.

Muda. Siku 3 kwa jambo unaloweza kulirudisha nyuma kesho yake. Siku 21 kwa jambo linalogusa kazi, ndoa, ardhi, deni au makazi. Namba 21 haina utakatifu wowote. Inakupa Jumapili tatu, kama matangazo ya ndoa, na inatosha hasira, mapenzi mapya na moto wa mkesha kupoa.

Kufunga kunasaidia, ila si sharti. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kila siku wasifunge chakula bila kumuuliza daktari. Wafunge simu au televisheni. Na neno lililokuja siku ya tatu ya kufunga bila maji liandike, lakini usiliamue mpaka umekula na kulala. Mwili uliokauka nao husema.

## Kwanza, tenga yasiyohitaji kupimwa

Kuna mambo yameshaamriwa. Kusamehe, kulipa deni, kumwomba radhi mke, kumtunza mzazi aliyebaki peke yake mgombani Kibosho, kuacha kuiba umeme. Ukisikia msukumo wa kufanya mojawapo ya haya, fanya leo. Anayeomba siku 21 ili ajue kama Mungu anataka alipe deni anatafuta siku 21 za kutolipa.

Mengine yameshakatazwa. Neno linalokuagiza umchukue mume wa mtu, udanganye kwenye hati au umlipizie jirani halina haja ya mshauri. Kumbukumbu la Torati 13 inasema hata ishara ikitimia, ikiwa inakuvuta umwache Mungu, usimsikilize aliyeileta.

Na dawa. Hakuna hatua yoyote humu inayoishia kwenye kuacha dawa za presha, kisukari, kifafa au ARV. Tuliokuwepo mwaka 2011 tunakumbuka foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500 kilichosemwa kinaponya, na wagonjwa walioacha dawa zao baada ya kunywa. Ukiamini umepona, nenda kapime. Wale wakoma 10 wa Luka 17 Yesu aliwaagiza wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kukagua ukoma. Dawa apunguze daktari.

## Hatua ya 1: Andika kilichokuja, kwa maneno yake

Fanya hivyo ndani ya saa 24. Kumbukumbu hupanga mambo upya haraka, na hupanga kwa kufuata unachokitaka.

Gawa ukurasa safu tatu: *Nilichopokea*, *Ninavyoelewa*, *Ninachotaka kufanya*. Ukurasa wa dada yetu ungekuwa hivi:

> Nilichopokea: Neno "Walishe". Jumanne, kama saa 11 alfajiri, nikiomba Zaburi. Sikusikia kwa masikio. Lilikuja moyoni likakaa.
>
> Ninavyoelewa: Watoto wa stendi. Niliwaona jana jioni nikishuka kwenye daladala.
>
> Ninachotaka kufanya: Kuacha kazi mwezi huu. Kukopa milioni 3. Kupanga nyumba Kwa Mrombo, kuweka vitanda 12.

Tazama safu ya kwanza: neno moja. Nyumba, mkopo na vitanda 12 havimo. Si kwamba ni vibaya, ila ni vya kwake, na vitapimwa kama mipango ya mtu.

Sababu ya safu hizi inaonekana katika Matendo 21. Agabo alitabiri kwamba Paulo atafungwa Yerusalemu. Ndugu wakalielewa neno hilo kuwa "usipande kwenda". Paulo alilisikia lile lile akaenda, na akafungwa kweli. Ujumbe ulikuwa mmoja, walichoamua kufanya ni viwili.

*Onyo:* usitoe ushuhuda ibadani wala kuandika kwenye kundi la WhatsApp katika hatua hii. Ukishatangaza, utaanza kulinda jina lako badala ya kulipima neno.

*Ukifanikiwa:* safu ya kwanza ni fupi kuliko zote, na umeona aibu kidogo kwa urefu wa safu ya tatu.

## Hatua ya 2: Lipime kwa Maandiko yaliyosomwa yote

Kufunga macho, kufungua Biblia na kuweka kidole si kupima. Ukipata mstari, soma sura nzima, iliyotangulia na inayofuata. Uliza: nani anaambiwa, yuko wapi, na anaagizwa nini hasa?

Mstari unaotumika vibaya kuliko yote labda ni Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho. Vijana huunukuu ili kuacha kazi au kuhama mji. Aya moja juu yake inataja miaka 70 Babeli, na aya ya 5 inawaambia watu hao hao wajenge nyumba, wakae, wapande bustani. Ni barua ya kuwataka watulie, kinyume na manabii waliowaahidi kurudi haraka.

Kwa "Walishe" kazi ni nyepesi: Mathayo 25 inatosha. Lakini angalia kilichothibitishwa. Maandiko yanaunga mkono kulisha wenye njaa. Hayajasema lolote kuhusu mkopo.

## Hatua ya 3: Jikague wewe uliyesikia

Jibu kwa maandishi: nilikuwa na njaa, hasira, hofu, usingizi wa siku ngapi? Nani atanisifu nikifanya hivi? Nani nitamkimbia? Kama jibu la swali la mwisho lina jina la meneja wako, simama hapo kwanza.

Halafu fanya jaribio la kinyume. Kwa siku mbili omba na kuishi kana kwamba jibu ni "ndiyo, fanya". Siku mbili zinazofuata ishi kana kwamba umeambiwa "hapana, baki ulipo". Kila usiku andika mistari mitatu ya hali ya moyo. Usitafute furaha, tafuta kile kinachobaki baada ya msisimko kwisha. Mtu ambaye hawezi kabisa kuliomba "hapana", hata kwa kujaribu, bado hajaanza kusikiliza.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliacha kanuni ambayo Walutheri na Wapentekoste wanaweza kuiazima bila shida: wakati wa giza na ukavu wa moyo usibadilishe uamuzi uliouweka ukiwa katika utulivu. Wengi huhama kanisa, huvunja uchumba au huacha huduma katika wiki ambayo walipaswa kulala tu.

*Onyo lenye uzito:* sauti inayosikika masikioni bila kukoma, inayotukana, inayokuamuru ujidhuru au umdhuru mtu, au iliyoanza pamoja na homa kali au kukosa usingizi siku kadhaa, ipeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mount Meru kwa walio Arusha, Mawenzi au KCMC kwa walio Moshi. Maombi yaendelee huko huko wodini, daktari hayazuii.

## Hatua ya 4: Peleka kwa watu, ukiwa hujaamua

Hapa ndipo wengi huharibu, na huharibu kwa sentensi ya kwanza. Sikiliza namna mbili za kuanza.

Ya kwanza: "Shikamoo baba mchungaji. Mungu ameniambia nifungue kituo cha watoto, naomba uniombee."

Mchungaji afanye nini hapo? Akikupinga anaonekana anampinga Mungu. Atakuombea, utaondoka, na utasema amebariki.

Ya pili: "Shikamoo baba mchungaji. Jumanne alfajiri lilinijia neno moja, walishe. Nadhani linahusu watoto wa stendi, na natamani kufungua kituo. Sijaamua. Naomba uniulize maswali."

"Marahaba mwanangu. Watoto hao unamfahamu hata mmoja kwa jina?"

Swali hilo moja linafaa kuliko maombi ya saa nzima, na lisingeulizwa kwa utangulizi wa kwanza.

Nenda kwa wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na daftari mkononi. Wasomee safu zote. Andika wanachouliza, hata kikikuudhi. Kwa mfano wetu, mtu anayeijua kazi ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Yeye atamwambia jambo ambalo halikuwemo kabisa kwenye ndoto ya vitanda 12: makao ya watoto hayafunguliwi kwa upendo peke yake, yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Huku si kuzuia kazi ya Mungu. Ni kuwalinda watoto dhidi ya watu wema wasiojiandaa, na dhidi ya wabaya wanaojifanya wema.

Katika Matendo 16 maono ya Mmakedonia aliyaona Paulo peke yake usiku. Lakini hitimisho, kwamba Mungu amewaita Makedonia, limeandikwa kwa wingi: tuliona hakika. Kama Paulo aliacha wenzake washiriki kuhitimisha, nawe mwachie mama mkwe wako nafasi ya kuuliza.

Kuhusu manabii. Anayedai sadaka kabla ya kukupa ujumbe, anayesema "ukitoka nje ya geti hili nafasi imekwisha", au anayekukataza kumwambia mwenzi wako, mshukuru kwa heshima uondoke. Haraka ya kundi inaua hata mwili: Februari 1, 2020, watu 20 walikufa katika msongamano uwanja wa Majengo, Moshi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Tena soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa na agizo wazi asile wala asinywe huko alikotumwa. Nabii mzee akamdanganya kwamba malaika amesema vinginevyo. Akala, na simba akamuua. Mvi za aliyekuletea neno si ushahidi.

Na "nimeonyeshwa wewe ni mke wangu": neno linalomhusu mtu mwingine halimfungi mpaka naye aone hivyo kwa hiari yake. Akisema hapana, jambo limekwisha. Dada zetu, hamdaiwi maelezo.

*Ukifanikiwa:* una angalau maswali mawili usiyoweza kuyajibu, na hujakasirika.

## Hatua ya 5: Usizipe ishara na milango kazi isiyo yake

Mlango uliofunguka si uthibitisho. Yona alifika Yafa akakuta merikebu ya Tarshishi ipo tayari, na nauli mfukoni anayo. Mpaka anapanda merikebu, kila kitu kilikwenda sawa katika safari ya kumkimbia Mungu. Daudi pangoni Engedi alimpata Sauli mikononi mwake, na watu wake wakamwambia hii ndiyo siku ile. Akakataa, kwa kuwa alijua hapaswi kumnyoshea mkono masihi wa Bwana. Jambo lililokwisha kujulikana lilimzuia asifuate mlango uliokuwa wazi.

Ukiomba ishara, isiwe kitu kinachotokea kila siku. Ukisema "Bwana, nikikutana na bodaboda nyekundu kabla sijafika soko la Kilombero, niache kazi," ujue utaiacha. Gideoni na ngozi yake alikuwa ameshaambiwa la kufanya, alikuwa anaogopa. Mungu alimvumilia, ila hiyo si njia tuliyoagizwa.

## Hatua ya 6: Hesabu, halafu kata kipande kinachorudishika

Luka 14:28 inamtaka mjenga mnara akae chini kwanza ahesabu. Tukae.

Mkopo wa milioni 3 kwa riba ya asilimia 10, kulipwa kwa miezi 12, ni shilingi 275,000 kila mwezi. Dada analipwa 350,000. Akiendelea na kazi anabaki na 75,000. Akiacha kazi, kama alivyopanga, wadhamini wake wa kikoba ndio watakaolipa, na hao wana watoto wa shule.

Mambo ya kukagua kabla ya kugusa kitu kikubwa:

- Kazi. Anayelipwa kwa mwezi, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Kutoweka kwa sababu "Bwana amesema" ni kuvunja neno lako.
- Nyumba ya familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake.
- Kihamba, yaani shamba la ukoo Uchagani. Hata kama jina ni lako, wazee na ndugu wamezikwa hapo. Kaa na ukoo kwanza.

Sasa tafuta sehemu ya neno inayoweza kutiiwa Jumamosi hii, kwa fedha iliyopo, na ambayo ukikosea hakuna anayeumia. Kwa "Walishe" ni uji. Sufuria ya lita 20 inataka kilo 2 za unga wa lishe na kama kilo 1 ya sukari, na inatoa vikombe 70 hadi 80 vya robo lita. Amwambie mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi, aende na mtu wa pili, asimpeleke mtoto yeyote nyumbani kwake.

*Kinachoharibika hapa:* watu hudharau uji. Wanataka jengo lenye bango. Mtu asiyeweza kupika uji Jumamosi nne mfululizo hajaambiwa afungue kituo, au ameambiwa na hatakiweza.

## Hatua ya 7: Tii kwa tarehe, kisha kagua

Andika: nini, siku gani, saa ngapi, kwa fedha gani. "Jumamosi, saa 1 asubuhi, 20,000 kutoka akiba yangu." Bila tarehe ni nia tu, na waliokwama miaka minne wamejaa nia. Hao watu wa "uthibitisho" wasirudi hatua ya 1. Waende moja kwa moja kwenye kipande kidogo, wakifanye ndani ya siku saba. Mara nyingi Mungu haongezi neno la pili kwa mtu ambaye la kwanza bado liko mfukoni.

Ugumu si dalili ya kukosea. Baada ya maono ya Makedonia, Paulo na Sila walichapwa fimbo na kufungwa Filipi. Wepesi nao si dalili ya kupatia. Kagua kila baada ya mwezi kwa Yakobo 3:17: je, jambo hili linaleta usafi, amani, upole, rehema? Je, niko tayari kusikiliza maneno ya watu?

Simama ukiona mojawapo ya haya: umeanza kuficha fedha kwa mwenzi wako, deni linakua, watoto wako wanalala njaa ili wa wenzako wale, au umeacha kuongea na wale watatu kwa kuwa "hawana imani". Baada ya miezi mitatu, kama uji unaendelea na mikono imeongezeka, rudi kwenye safu ya tatu uchukue kipande kinachofuata.

## Ukigundua ulikosea

Rudi mahali ulipotangaza, kwa watu wale wale, useme: "Nilisema Mungu ameniambia. Nilikosea, nilichanganya na mawazo yangu." Sentensi mbili zinatosha, usihubiri. Kisha fungua daftari uone ni safu ipi iliyoanguka. Mara nyingi ya kwanza bado imesimama. Iliyoanguka ni ya tatu.

Deni ulilokopa kwa jina la Mungu bado ni deni lako. Kaa na viongozi wa kikoba, omba ratiba mpya ya marejesho, na uanze na lile lenye wadhamini. Wao hawakusikia sauti yoyote, walikuamini wewe.